Mafuta, Moshi na Masafa: Pikipiki za Kijapani za Mipigo Miwili



Kutoka Jeddah hadi Riyadh ni takriban kilomita 950. Njia huanza kwenye joto la Bahari ya Shamu, hupanda milima ya Hejaz hadi Taif, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, kisha huingia nyanda kavu za Najd. Safari ya namna hii hufichua kila udhaifu wa injini ya mipigo miwili.

Injini hiyo huwaka katika kila mzunguko wa krenkshafti. Ni nyepesi, na nguvu inayo. Ila oili yake huungua pamoja na petroli, na zamani msafiri alizichanganya mwenyewe. Balaa lilikuwa kwenye mteremko. Ukishuka kutoka Taif na kuachia akseleta, injini inazunguka kwa kasi ilhali petroli inaingia kidogo mno, na oili nayo kidogo mno. Pistoni inashika, gurudumu la nyuma linagoma. Mwaka 1964 Yamaha ilileta Autolube, pampu inayopeleka oili kutoka tangi lake la pekee kwa kufuata kasi ya injini na akseleta. Kwangu mimi, pampu hii ndiyo iliyozaa pikipiki ya safari ndefu. Waliowahi kupanda Yamaha za mabwana shamba wetu wanalijua tangi hilo.

Adui wa pili ni joto. Silinda tatu zikipangwa pamoja, ya katikati hukosa upepo. Suzuki ikaizungushia maji: GT750 ya mwaka 1971, sentimita za ujazo 738, rejeta mbele, nguvu za farasi 67. Ilikuwa nzito na tulivu, pikipiki ya kusafiria kwelikweli.

Kasoro kubwa, hata hivyo, ilibaki. Tundu la ekzosi huwa wazi wakati mchanganyiko mpya unaingia, hivyo sehemu ya petroli hutoroka bila kuungua. Walter Kaaden, mhandisi wa MZ huko Ujerumani Mashariki, aliiboresha ekzosi yenye tumbo ambayo mawimbi yake huurudisha mchanganyiko huo ndani. Ernst Degner, dereva wake, alitoroka mwaka 1961 na kuipelekea Suzuki maarifa hayo. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa daraja la sentimita za ujazo 50. Lakini mawimbi hayo hufanya kazi vizuri katika kasi chache tu za mzunguko wa injini. Nje ya hapo, petroli inamwagika.

Petroli ilipokuwa rahisi, wanunuzi walivumilia. Oktoba 1973 Saudi Arabia ya Mfalme Faisal ilisimamisha mauzo ya mafuta kwa Marekani, na kufikia mwanzo wa 1974 pipa lilikuwa limepanda kutoka dola kama 3 hadi karibu 12. Wengi husema hapo ndipo mipigo miwili ilipokufa. Mimi naona uamuzi wa Riyadh uliidhoofisha tu. Kilichoiua barabarani ni sheria za Marekani za moshi, zilizoanza kuzibana pikipiki mpya za mwaka 1978. GT750 ilikoma 1977. Honda Gold Wing, iliyotoka 1975, ilirithi upoozaji wa maji, ila kwa injini ya mipigo minne.

Leo petroli yaweza kupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda baada ya tundu la ekzosi kufungwa. Kinachotoroka ni hewa. Wahandisi wa GT750 walikuwa na kabureta tu.