Utitiri wa Nyoka Wafugwao

Leo twataka kunena juu ya utitiri wa nyoka wafugwao. Wadudu hawa, wadogo kama kichwa cha pini, hujificha chini ya magamba na kandokando ya macho, wakinyonya damu hata nyoka akadhoofu. Mayai yao huyataga katika nyufa za sanduku. Kwa hiyo kumtibu nyoka peke yake ni kazi bure.

Dawa moja itumikayo ni permethrini, iliyofanyizwa kwa mfano wa sumu ya maua ya pareto, yale yalimwayo katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Lakini sumu imwuayo utitiri yaweza kumwua nyoka pia, kipimo kikizidi. Basi kwanza mtoeni nyoka, na chombo chake cha maji. Nyunyizeni sanduku kwa kiasi kilichoandikwa, liacheni wazi hata likauke kabisa na harufu itoke, ndipo mmrudishe. Permethrini hiyo yaweza kumwua paka. Tena iko ivermektini, ambayo mganga wa mifugo huweza kumpa nyoka. Lakini kobe akipewa, aweza kufa.

Tusidhani ya kuwa dawa nyingi ndiyo bora. Kipimo ndicho kitenganishacho dawa na sumu.