Ratiba ya Mtoto ni Haki Yake

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya katika semina ya Haki na Amani)



Ndugu wapendwa, tunapotaja haki na amani, mawazo yetu hukimbilia migogoro ya mashamba, uchaguzi na rushwa. Ni sawa, maana mambo hayo yanatuhusu. Lakini leo tunawaalika mahali padogo: chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye mikeka, vikombe vya plastiki na watoto kumi na wanne wa darasa la awali. Baadhi yao wana ulemavu wa akili, wengine mtindio wa ubongo, wawili wana usonji na mmoja ni kiziwi. Sisi wa Tume tulikaa nao juma zima, na tuliyojifunza huko ndiyo tunayowaletea.

1. Siku yao ilivyo

Saa mbili asubuhi mwalimu hupiga kengele, na yule asiyesikia huguswa begani na kuonyeshwa ishara. Kila mtoto hutundika mfuko wake kwenye msumari wenye picha yake: samaki, jembe, ndizi. Hajui kusoma jina lake, lakini anamjua samaki wake. Kisha huketi duarani na kuimba wimbo wa salamu, kila mmoja akitajwa kwa jina. Asiyeweza kusema huinua mkono au hutazama tu, na mwalimu humngoja mpaka aitikie. Kungoja huko ni sehemu ya somo.

Ukutani zimepangwa picha za kazi za siku: duara, kunawa, uji, michezo, mapumziko, kwenda nyumbani. Kazi moja ikiisha, mtoto wa zamu huigeuza picha yake. Wageni hudhani ni mapambo. Kumbe mtoto mwenye usonji anaweza kutaabika mno jambo likimjia ghafula, na akijua kinachofuata moyo wake hutulia.

Kunawa mikono, ambako sisi tunakuona kitu kimoja, wao wamekugawa katika hatua saba: kukunja mikono ya shati, kufungua koki ya ndoo, kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza na kukausha. Kwa mtoto anayeanza, mwalimu humsaidia hatua sita na kumwachia ile ya mwisho aikamilishe mwenyewe, ili kila siku amalize kwa ushindi. Akiiweza, huongezewa ya sita, kisha ya tano. Kazi hiyo huchukua miezi.

Wakati wa uji, mtoto mwenye mtindio wa ubongo huketishwa wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Kamwe hanyweshwi akiwa amelala au kichwa kikiwa kimeangukia nyuma, maana uji unaweza kuingia mapafuni. Mlezi hungoja ameze ndipo alete kijiko kingine. Kikombe kimoja huweza kumaliza nusu saa. Choo kina saa zake, na mwenye dawa ya kifafa haruki dozi. Mwisho huimbwa wimbo wa kuagana, na daftari dogo hutiwa katika mfuko wa kila mtoto, mwalimu na mzazi wapate kuandikiana.

2. Kosa letu

Ndugu, tusingekuwa wakweli kama tungeishia hapo. Jumatano moja sisi viongozi wa parokia tulihitaji chumba kwa kikao cha maandalizi ya sikukuu ya msimamizi wetu. Tulikunja mikeka, tukabandua picha ili tubandike makadirio ya fedha, tukawapeleka watoto chini ya mwembe. Mwalimu hatukumwuliza. Tulisema ni muda mfupi tu.

Mtoto mmoja wa miaka sita alipouona ukuta mtupu aliziba masikio, akalia, akaanza kupiga kichwa sakafuni. Mmoja wetu alisema ana pepo. Mwingine alisema hakufundwa adabu nyumbani. Mama yake, aliyekuwa amekuja kwa zamu ya kupika uji, aliyasikia yote. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akaondoka bila kuaga.

Hawakuonekana kwa majuma matatu. Tulipowatembelea tulikuta mlango umefungwa kwa nje. Mtoto yumo ndani, mama yuko kibaruani. Aliporudi alitukaribisha vizuri, akatuletea viti, kisha akasema: "Padre, ninyi mlikitaka kile chumba kwa asubuhi moja. Mwanangu alichukua miezi mitano kukizoea."

Hatukuwa na jibu. Tuliomba msamaha.

3. Imani yetu yasemaje?

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba amani ni utulivu uletwao na mpango mwema wa mambo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alieleza haki kuwa ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Basi picha zile za ukutani ni amani ya mtoto yule, na ratiba ile ni mali yake. Tulipoibandua tulimwondolea kilicho chake, hata kama mfukoni hatukutia kitu.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana Yesu alimtenga kiziwi na umati, akamgusa masikio na ulimi. Hakumlazimisha afuate njia ya wanaosikia. Alimjia kwa njia aliyoweza kuipokea. Na katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 9, Daudi alimketisha mezani pake Mefiboshethi, aliyelemaa miguu yote miwili, na akala hapo sikuzote. Sisi hupeleka sabuni na sukari tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, kisha tunasahau mpaka mwaka mwingine. Daudi hakungoja sikukuu.

Sheria nazo zinatudai. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, katika kifungu cha 24, unatambua elimu kuwa haki ya mtu mwenye ulemavu. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo darasa lile si fadhila ya parokia.

4. Tufanye nini?

Kwanza, chumba kile kisiguswe kwa kikao, harusi wala mazoezi ya kwaya. Ufunguo ukae kwa mwalimu. Pili, posho ya walezi iingie katika bajeti ya parokia, isingoje sadaka ya ziada. Tatu, kila Jumuiya iwatembelee wazazi wenye watoto waliofichwa, si kwa kuwahesabu wala kuwasema, bali kwa kuuliza watasaidiwaje, hasa usafiri wa asubuhi. Nne, tuache maneno ya pepo na laana. Mwenye kifafa apelekwe hospitali, na sala zetu zimsindikize huko.

Mtoto yule amerudi. Siku za kwanza aliishia mlangoni, na mwalimu hakumvuta. Baadaye aliketi karibu na msumari wake. Juma lililopita, zamu yake ilipofika, aliigeuza picha ya uji, akaenda kunawa. Mama yake bado hakai na sisi baada ya Misa. Hatumlaumu, uaminifu nao hujengwa hatua kwa hatua, na katika somo hilo wanafunzi ni sisi.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Je, katika Jumuiya yetu yupo mtoto ambaye hatujawahi kumwona nje ya nyumba yao? Kwa nini?
2. Ni lini sisi viongozi tuliamua jambo linalowahusu wanyonge bila kuwauliza?
3. Juma hili tutamsaidia mzazi gani, kwa kazi ipi, na siku zipi?