Adabu Kazini Pamoja na Wachina

Ndugu wanachama,

Tangu reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, wengi wetu twafanya kazi pamoja na Wachina. Yafaa tujue adabu zao.

Kwanza, jina. Kwao jina la ukoo hutangulia. Likianza Wang, mwite Bwana Wang.

Pili, wakitupa kadi au barua, tupokee kwa mikono miwili, kama tupokeavyo kwa wazee wetu.

Tatu, tukila nao, tusisimamishe vijiti katika wali. Hufanana na udi unaochomwa kwa ajili ya wafu.

Nne, ndilo kubwa: tusimwaibishe mtu hadharani. Wachina husema mtu huyo "amepoteza uso". Kosa lake tumwambie kando.

Lakini adabu si woga. Dai la mshahara au saa za kazi lisizimwe kwa ajili ya heshima. Mwakilishi wetu alipeleke kwanza faraghani, kwa maandishi, wala asilegee.

Tena heshima ni deni. Msimamizi anayemfokea fundi mbele ya wenzake ajue kwamba nasi tuna uso.

Umoja ni nguvu.