Daktari Mpya wa Mifugo: Ujuzi wa Kumtarajia Nao

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wafugaji na watumiaji wa huduma za mifugo)



Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu daktari wa mifugo aliyehitimu karibuni. Ni kijana, pikipiki yake bado ina deni na buti zake za mpira hazijapata kiraka. Anapofika bomani, mzee humtazama kutoka juu hadi chini, akajiuliza kama mtoto huyu anamjua ng'ombe. Swali hilo ni la haki. Mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, ambaye ndiye ada ya shule na ndiye mboga ya nyumbani, hawezi kumtoa awe wa kujifunzia. Nami siwaombi mumwamini kijana huyo kwa kuwa tu ana shahada. Nitawaeleza anachopaswa kukiweza tangu siku ya kwanza ya kazi, ili mumpime kwa kipimo kilicho sawa.

Kwanza tutenganishe majina. Huku kwetu kila ashikaye sindano huitwa daktari: muuza duka la dawa za mifugo, bwana mifugo, hata jirani mwenye mkono mwepesi. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 haisemi hivyo. Daktari wa mifugo ni mwenye shahada ya tiba ya wanyama, ambayo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, husomwa kwa miaka 5, kisha akasajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Wenye stashahada na astashahada, wengi wao wakitoka katika kampasi za Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, ni wataalamu wasaidizi. Nao hutambuliwa na Baraza, na hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Sisemi haya kwa kuwadharau. Vijijini mara nyingi wao ndio wa kwanza kufika. Ila mlipaji ana haki ya kujua anamlipa nani. Kuuliza, "Daktari, namba yako ya usajili ni ipi?" si ufidhuli. Aliyesajiliwa hujibu bila kukunja uso.

Ujuzi wa siku ya kwanza haukubuniwa ofisini kwetu. Mwaka 2012 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo wakati huo lilijulikana zaidi kwa kifupi cha OIE, lilitoa mapendekezo ya mambo ambayo kila mhitimu wa tiba ya wanyama anapaswa kuyamudu anapotoka chuoni. Anayetazamia kukuta humo sifa za upasuaji wa ajabu atashangaa. Humo mna magonjwa yanayovuka mipaka, magonjwa yanayoambukiza binadamu kutoka kwa wanyama, matumizi ya dawa, ustawi wa mnyama, sheria na maadili ya kazi. Mna pia mawasiliano, yaani kusema na watu wakaelewa.

Sasa twende bomani. Daktari amefika, na mnyama amelala. Jambo la kwanza la kumtazamia si sindano, ni maswali. Ng'ombe ana umri gani? Amezaa lini? Ameacha kula tangu lini? Ameogeshwa lini dawa ya kupe? Kuna mwingine aliyeugua? Umempa dawa gani kabla sijafika? Hilo la mwisho wengi hulificha, na kulificha kunamponza mnyama. Baada ya maswali humshika: kipimajoto nyuma, akijua kwamba joto la kawaida la ng'ombe mzima ni kama nyuzi 38.5, stetoskopu kifuani, kisha ubavu wa kushoto kusikiliza kama tumbo linacheua kazi yake, utando wa macho kuona kama umepauka au umekuwa wa manjano, mikono chini ya masikio na mbele ya mabega kupapasa tezi. Tezi zilizovimba pamoja na homa na kuhema kwa shida humfanya afikirie ndigana kali. Hata hapo anayejua kazi huchukua kwa sindano utomvu kidogo wa tezi na tone la damu ya sikio, akapaka kwenye kioo ili maabara ithibitishe. Anaweza kuanza tiba kabla jibu halijarudi, maana ndigana kali haingoji, lakini atakwambia kwamba anashuku, wala hatasema kwamba amekwisha kujua.

Daktari anayeshuka kwenye pikipiki na sindano imeshajazwa, awe kijana au mwenye mvi, huyo mumwogope.

Dawa ndiyo sehemu ninayotaka tuikalie. Anapompiga ng'ombe wako sindano ya antibiotiki, kazi yake haijaisha mpaka amekwambia, kwa lugha unayoielewa, ni siku ngapi maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa, na ni siku ngapi asichinjwe. Siku hizo hutofautiana dawa hadi dawa, na huandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Mwombe akuandikie. Najua uzito wa jambo hili: maziwa ya siku kadhaa kuyamwaga ni fedha inayomwagika mbele ya macho ya watoto. Lakini mtoto yuleyule ndiye atakayeyanywa. Kuchemsha maziwa huua vijidudu, hakutoi mabaki ya dawa. Akina mama wagandishao mtindi huwahi kugundua kabla ya maabara: maziwa yenye antibiotiki mara nyingi hukataa kuganda. Tena, dawa inayonywewa kidogo kidogo hivyo huvifundisha vijidudu kuizoea, na siku mtoto anapougua kweli, dawa ya hospitali inaweza isimsaidie.

Upasuaji nitaupita upesi. Kuhasi, kushona jeraha, kumsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, kumpumzisha bila mateso mnyama asiyepona: haya anapaswa kuyaweza. Yaliyo magumu zaidi anaruhusiwa kumwita aliyemtangulia. Ukimsikia akisema, "Hili limenizidi, ngoja nimpigie simu mkubwa wangu," usimfukuze. Huo ni ujuzi mmojawapo tunaoutaka kwake.

Kuna siku moja ambayo kijana huyu hupimwa kuliko zote. Ng'ombe amekufa ghafla usiku. Damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma. Visu vimeshanolewa, majirani wamefika na vyombo, na mwenye mali anaona angalau nyama itafidia hasara. Daktari mpya anasimama mbele ya watu wenye umri wa baba yake na kusema: asichunwe, asipasuliwe, nyama isigawanywe. Anashuku kimeta. Ugonjwa huo humpata mchunaji na mlaji, nao unaua. Mzoga ukipasuliwa, mbegu zake huingia ardhini na kudumu humo miaka mingi zikisubiri ng'ombe wengine. Ni wajibu wake pia kutoa taarifa upesi kwa ofisi ya mifugo ya wilaya na kusimamia mzoga uzikwe au uchomwe. Wapo watakaosema kijana huyu amewanyima nyama. Mimi nasema hapo ndipo alipostahili ada yake, na ningependa siku hiyo mzee mmoja asimame upande wake.

Kwa mbwa ni vivyo hivyo. Aliyeumwa na mbwa, daktari wa mifugo hamtibu. Humwambia aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ndipo yeye ashughulike na mbwa.

Mwisho ni fedha. Daktari aseme gharama kabla ya kuanza, si baada ya kufunga mkoba. Aeleze dawa ni kiasi gani na huduma ni kiasi gani, na kama mnyama hana tumaini, akwambie kabla hujauza mbuzi kumtibu. Akuachie maandishi: tarehe, ugonjwa anaoushuku, dawa na kipimo chake, siku za kusubiri, jina lake na namba ya usajili. Karatasi hiyo itunzeni pamoja na chupa tupu za dawa. Huduma ikiwa mbaya, onaneni kwanza na ofisi ya mifugo ya wilaya. Lalamiko linalohusu mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Veterinari, ambalo lina mamlaka ya kumchukulia hatua. Andikeni kilichotokea kwa mpangilio wa siku zake, na mwambatishe nakala ya karatasi ile. Karatasi yenyewe mbaki nayo.