Matunzo ya Wazee wa Tanga Yasiishie Dirishani



Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, nayo iliahidi kwamba mzee asiye na uwezo atatibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Tangu wakati huo madirisha ya wazee yamefunguliwa hospitalini, vitambulisho vimetolewa, na mabango ya kuwataka wananchi wampishe mzee kwanza yamebandikwa ukutani. Hayo ni mambo mema, wala si haki kuyabeza. Lakini wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hilo hulipwa pale mzee wa Moa au wa Kigombe anapotiwa dawa mkononi, na anapopata mtu wa kumwangalia siku ambayo miguu yake haiwezi kumfikisha zahanati.

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba mzee wa Kiafrika hutunzwa na jamaa zake, na kwa hiyo Serikali haina haja ya kujitwisha mzigo huo. Hoja hiyo ina ukweli, kwani wazee wengi wa Tanga wanaishi na watoto au wajukuu wao. Hata hivyo historia ya mkoa huu inaipunguzia nguvu. Mkonge ulioletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, Pangani, ulienea hadi Amboni, Muheza na Korogwe, na ulihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo pwani. Manamba wakaletwa kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Msumbiji na Burundi. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Baadaye kamba za nailoni ziliteka soko, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Wako wafanyakazi ambao hawakurudi kwao tena. Walizeekea kambini, mbali na koo zao.

Wala akiba ya uzeeni haikuwafaa sana. Mfuko wa Akiba ulioanzishwa mwaka 1964 ulimlipa mfanyakazi fedha zake kwa mkupuo mmoja alipostaafu, na fedha za mkupuo huisha upesi. Mfuko huo uligeuzwa kuwa wa pensheni ya kila mwezi kwa sheria ya mwaka 1997, wakati wengi wao walikwisha kuondoka kazini. Mvuvi, mkulima wa minazi na mama muuza samaki hawakuwahi hata kuandikishwa humo. Makazi ya wazee ya Mwanzange, jijini Tanga, yanakumbusha kwamba wako wazee ambao ukoo haukuweza kuwapokea, na kwamba jukumu lao ni la umma.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa wa Tanga una zaidi ya watu milioni 2.6. Kwa Taifa zima, takribani watu sita katika kila mia ni wazee. Maradhi yanayowasumbua zaidi si yale ambayo zahanati za vijijini ziliundwa kuyatibu. Zahanati ilijengwa kwa ajili ya malaria, kuhara, chanjo na uzazi, maradhi na mahitaji ambayo mgonjwa huhudumiwa kisha akaenda zake. Shinikizo la damu na kisukari havina kwenda zake. Mwenye maradhi hayo huhitaji kidonge kila siku ya maisha yake, na anapoambiwa kwamba dawa imekwisha, akanunue dukani, msamaha wake wa matibabu unakuwa karatasi tu. Kitambulisho kimemwondolea ada ya kumwona mganga, lakini kimemwachia gharama ya dawa na nauli.

Pwani ya Tanga ina somo jingine lililo wazi zaidi, nalo ni matende na mabusha. Maradhi hayo husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na kwa miaka mingi yaliwatesa watu wa mwambao huu. Ugawaji wa dawa kwa wananchi wote, ulioendeshwa tangu miaka ya 2000, ulikusudiwa kukata maambukizo mapya, na kazi hiyo inastahili sifa. Lakini dawa hiyo hairudishi mguu uliokwisha kuvimba. Busha huondolewa kwa upasuaji. Mguu wa matende huhitaji kuoshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, kukaushwa vizuri katikati ya vidole, kuinuliwa wakati wa kupumzika na kunyooshwa kwa mazoezi mepesi. Hayo yakifanywa, vidonda na homa hupungua sana. Ni kazi isiyohitaji mitambo. Inahitaji sabuni, maji, na mtu aliyefundishwa anayefika nyumbani.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Huduma ya mzee haina budi kumfuata nyumbani. Hospitali ya Bombo itaendelea kuwa kimbilio la wagonjwa mahututi, lakini mzee wa Mkinga hawezi kuifanya zahanati yake. Huko Muheza, wahudumu wa hospitali teule wamekuwa wakiwatembelea majumbani wagonjwa wenye maradhi yasiyopona, ili kuwatuliza maumivu na kuwaelekeza jamaa zao. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa mwaka 2024 unaweza kuieneza desturi hiyo, endapo mzee atawekwa katika orodha ya kazi zao pamoja na mama mjamzito na mtoto mchanga.

Kuhusu fedha, mfano hauko mbali. Ng'ambo ya bahari kuna Pemba. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 Shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, lakini kilitosha nauli ya kwenda kliniki na kipande cha sabuni. Tanzania Bara haijafika hapo, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa, pamoja na mengine, kwa namna itakavyomfikia mzee asiye na kipato.

Yako yanayoweza kutendwa bila kungoja bajeti. Mtendaji wa kijiji anaweza kuwa na daftari la wazee wake: nani anaishi peke yake, nani haoni, nani ana shinikizo la damu. Mganga wa zahanati akilipata daftari hilo, ataagiza dawa kwa hesabu ya watu anaowajua badala ya kukisia. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa asirudishwe mlangoni. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kumsaidia kukadiria umri wake kwa matukio, kama vile Uhuru wa mwaka 1961 au Azimio la Arusha la mwaka 1967. Afisa ustawi wa jamii naye awaangalie pia wale wanaowatunza wazee, ambao mara nyingi ni mabinti na wakaza wana wanaobeba kazi hiyo usiku na mchana bila mapumziko.

Penye wazee haliharibiki neno. Methali hiyo husemwa sana mikutanoni, wazee wakiwa wameketishwa viti vya mbele. Heshima ya viti inapendeza. Heshima iliyo kubwa zaidi ni kwamba mkutano ukiisha na watu wakitawanyika, awepo mtu anayejua mzee huyo analala wapi, anameza dawa gani, na dawa hizo zitakwisha siku gani.