Nasimiyu Alianza Aprili

Katika ukumbi wowote wa Kanduyi, magharibi ya Kenya, mtu akiita "Wafula!" nusu ya safu itageuka. Wafula na Nafula ni wa mvua. Wanyonyi na Nanyonyi ni wa palizi. Wanjala na Nanjala walizaliwa njaa ikiwa imeingia nyumbani, Wekesa na Nekesa wakakuta mavuno, Simiyu na Nasimiyu wakaja kiangazi. Wabukusu waliiandika kalenda yao juu ya watoto, na hadi leo mwenyeji wa Bungoma au Kitale akitaja jina lake amekwisha kutaja hali ya hewa ya siku aliyozaliwa. (Au aliyozaliwa babu yake, kwa kuwa majina hurithiwa, na Wanjala wa leo huenda alifika ghala limejaa pomoni.)

Kalenda hiyo ni nzuri, ila inaanza kuhesabu mlangoni. Mtoto anapotoa kilio chake cha kwanza tayari ana miezi tisa kazini, na sehemu nyeti kuliko zote za kazi hiyo zilikwisha kabla mama yake hajamwambia mtu. Mhadhara huu unalirudisha jina nyuma, hadi msimu ambao haukupewa jina.

Achukuliwe Nasimiyu wa mfano, anayetarajiwa Januari. Kliniki, mkunga humwuliza mama siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Aprili 10, anajibu. Mkunga anaongeza siku saba, anarudi nyuma miezi mitatu, kisha anaandika Januari 17 kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Kanuni hiyo, inayobeba jina la Mjerumani Franz Naegele wa karne ya 19, inatoa karibu siku 280, yaani wiki 40. Wiki mbili za mwanzo ni za bure: mimba inahesabiwa na mtoto hayupo, yai lenyewe halijatoka.

Yai linatoka karibu Aprili 24 na kukutana na mbegu ya baba ndani ya mrija. Linagawanyika likiwa safarini, mbili, nne, nane, na mwanzoni mwa Mei linajipachika katika ukuta wa mji wa mimba. Kanduyi wakati huo mvua inapiga na mahindi yamefika magotini. Mama yuko shambani na jembe. Hedhi ilitakiwa ije karibu Mei 8. Haikuja, lakini kwa uchovu wa palizi nani anahesabu siku?

Wiki mbili anazochelewa ndizo za kutazamwa kwa karibu. Kiumbe kina urefu wa milimita chache tu, kidogo kuliko punje ya mahindi. Mgongoni mwake kuna utando bapa ambao kingo zake zinainuka, zinainamiana na kushikana, kama mtu anavyokunja jani la mgomba kutengeneza mfereji kisha akaufunga juu. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Moyo unaanza kudunda karibu Mei 16, siku ya 22 tangu mimba itungwe. Siku ya 28, Mei 22, mrija unapaswa kuwa umefungwa pande zote mbili. Usipofungwa chini, mtoto atazaliwa na mgongo wazi. Usipofungwa juu, fuvu na ubongo havitaumbika, na mtoto hataishi. Asidi ya foliki husaidia sana mrija ufunge. Lakini ni lazima iwe mwilini mapema, na mama anayeanza kliniki mwezi wa tano wa ujauzito anakabidhiwa vidonge vya damu, vyenye madini ya chuma na foliki, miezi mitatu na zaidi baada ya mlango huo kufungwa. Vidonge vina kazi nyingine bado. Kazi hiyo moja imempita.

Hapa pana jambo linalopaswa kuwaudhi watu wa magharibi ya Kenya. Tangu 2012 sheria inawataka wenye viwanda watie vitamini na madini, foliki ikiwemo, katika unga wa mahindi na wa ngano wanaoufunga na kuuza. Mkazi wa Nairobi anayenunua pakiti dukani anapata foliki bila hata kujua. Lakini Bungoma na Trans Nzoia ni sehemu ya ghala la mahindi la nchi. Familia huvuna, huanika, hubeba debe hadi kwenye kisiagi, na kinachotoka pale ni mahindi matupu. Aliyeyalima Kiminini anakosa kile anachopewa aliyeyanunua Kilimani. Maharagwe, kunde na mboga za majani zina foliki, na bustani nyingi za hapa zinazo, ila kuchemsha kwa muda mrefu na kumwaga maji huondoa sehemu kubwa.

Kufikia mwanzo wa Julai viungo vyote vikuu vimekwisha kupangwa. Kijusi kina sentimita tano au sita kutoka utosini hadi makalioni, kina vidole, na kinajigeuza ingawa mama hasikii kitu. Kuanzia hapo kazi kubwa ni kukua na kukomaa, na chakula chote kinapitia kondo la nyuma. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki; zinapitana pande mbili za utando mwembamba, chakula na hewa safi vikivuka upande huu, taka upande ule.

Vimelea vya malaria vinalijua kondo hilo. Chembe nyekundu za damu zilizoshambuliwa hunata humo na kujificha, nao mwanamke aliyejenga kinga tangu utotoni hukuta kinga hiyo haijawahi kukutana na hila ya namna hii, hasa akiwa na mimba ya kwanza. Mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana katika maeneo ya malaria kama Bungoma mama hupewa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, kuanzia wiki ya 13, akavimeza mbele ya muuguzi, kisha tena kila anaporudi baada ya mwezi.

Mwishoni mwa Agosti, wiki ya 20, mtoto anacheza, na hapo ndipo ujauzito unapoanza kuonekana wa kweli kwa wengi. Muuguzi hukandamiza tumbo kwa vidole, huvuta utepe kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba, na sentimita zinakaribiana na idadi ya wiki: 28 kwa 28. Hutega sikio kwenye kipembe alichokibuni Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, akisikiliza moyo unaokimbia mara 110 hadi 160 kwa dakika. Mtoto naye anasikiliza. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1980 yalionyesha kuwa wachanga wa siku zisizozidi tatu hubadili mnyonyo wao ili wasikie sauti ya mama badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Basi Lubukusu hakianzi kufundishwa kitandani.

Wiki ya 28 uzito ni kilo moja hivi. Wiki 12 zinazobaki zinaufikisha kilo tatu au zaidi, na hapo majina yanarudi. Nasimiyu anaufanyia unene huo Novemba na Desemba, mahindi yakiwa yamevunwa. Nanjala wa Juni anaufanyia Aprili na Mei: ghala linaisha, jembe halipumziki, mbu wamezidi. Katika vijiji vya Gambia, ambako pia kuna msimu wa njaa, wajawazito walipewa biskuti za njugu, na matokeo ya 1997 yalionyesha watoto waliozaliwa msimu huo wakiwa wazito zaidi kwa wastani wa gramu 201. Msimu wa mavuno ongezeko lilikuwa gramu 94.

Isidhaniwe kwamba Nasimiyu amesalimika. Katika njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945, waliokuwa wiki za mwisho tumboni walizaliwa wepesi. Waliokuwa wiki za mwanzo walizaliwa na uzito wa kawaida, mizani haikuona kasoro, lakini walipofika miaka hamsini maradhi ya moyo yaliwapata zaidi. Nasimiyu aliumbwa Mei. Njaa ya Bungoma si ile ya vita, ila mwezi ni ule wa jirani yake Nanjala.

Kwa hiyo mwanaume anayesubiri tumbo lionekane ndipo ampunguzie mkewe palizi amechelewa, na mama anayepanga kubeba mimba ana haki ya kuulizia foliki kabla, bila kungoja. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 98 ya wajawazito Kenya walimwona mhudumu mwenye ujuzi walau mara moja, na asilimia 66 walifika mara nne au zaidi. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mara nane, ya kwanza kabla wiki ya 12 haijaisha. Kwa hesabu ya Nasimiyu, wiki hizo 12 zinatimia Julai 3, mahindi ya Kanduyi yakiwa bado mabichi.