Snea ya Mbao na Snea ya Chuma katika Mitaa ya Eastlands



Swali nililopewa ni fupi. Kanisa au kikundi cha mtaani kikichanga pesa za kununua snea moja, ile ngoma ndogo yenye waya chini, kichukue ya mbao au ya chuma? Nitoe msimamo wangu mapema, ili anayetaka kunipinga ajiandae. Kwa mitaa yetu ya Eastlands, Nairobi, kuanzia Kaloleni hadi Korogocho, snea ya mbao inafaa ndani na ya chuma inafaa nje. Lakini shilingi ya kwanza isiende kwenye mzinga, yaani mwili wa ngoma, wowote kati ya hiyo miwili. Iende kwenye ngozi na waya.

Tuanze na namna snea inavyolia. Kuna ngozi mbili za plastiki: ya juu ni nene kwa sababu ndiyo inayokula fimbo, ya chini ni nyembamba mno, na chini yake zimelazwa waya za kujisokota. Ukipiga juu, hewa iliyo ndani inaisukuma ngozi ya chini, nayo inazirusha waya, zikirudi zinaigonga. Mwanafizikia Mmarekani Thomas Rossing, ambaye yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu snea mwaka 1992, alionyesha kwamba ngozi hizo mbili zinashirikiana kwa njia mbili kubwa. Katika mlio wa chini, wa mitetemo takriban 180 kwa sekunde, zinakwenda upande mmoja kwa pamoja. Katika mlio wa juu yake, wa takriban 330, moja ikishuka nyingine inapanda. Hapo ndipo penye uzito wa sauti. Mlio wa waya uko mbali juu, kwenye maelfu ya mitetemo.

Mzinga uko wapi katika hesabu hiyo? Uko nyuma. Kazi yake ni kuzishika ngozi zisiyumbe, na kuamua nguvu ya fimbo irudi kiasi gani kwenye ngozi na imezwe kiasi gani. Chuma cha pua cha unene wa milimita moja ni kigumu na hakimezi kitu. Kinairudisha milio ya juu na chenyewe kinaendelea kulia fimbo ikishaondoka. Mbao ina nyuzi na gundi, nayo huila ile milio mapema. Kwa hiyo chuma kinatoa sauti kali yenye mkia mrefu, na mbao inatoa sauti kavu, nzito kidogo, inayokatika upesi. Hilo ni kweli, ila watu hulikuza. Ukingo ambao ngozi inaukalia nao una neno: kwenye chuma mara nyingi umekunjwa, kwenye mbao umechongwa, na ukichongwa kwa mviringo ngozi inagusa mbao sehemu pana zaidi na mlio unazimika haraka. Sehemu ya kile tunachokiita sauti ya mbao ni sauti ya ukingo.

Tena si kila king'aacho ni chuma cha pua. Ludwig Supraphonic, mojawapo ya snea zilizorekodiwa sana duniani, watu huitaja kama ya chuma kwa ule mng'ao wa kromi, kumbe mzinga wake wa kawaida ni alumini. Nyingine ni za shaba nyeupe, ambazo sauti yake ni nzito kuliko ya alumini. Ukienda kununua dramu iliyotumika, beba sumaku. Ikinasa, ni chuma cha pua. Isiponasa, uliza tena, na usikubali kuharakishwa.

Sasa twende kanisani. Makanisa mengi ya Kayole, Dandora na Mukuru yamejengwa kwa mabati: kuta za mabati, paa la mabati, sakafu ya saruji, viti vya plastiki. Hakuna pazia wala zulia la kunyonya sauti. Milio ya juu inapiga ukuta, inarudi, inapiga ukuta wa pili, na bati lenyewe linaitikia. Ukiingiza humo snea ya chuma cha pua, unapeleka ukali mahali ambapo ukali umeshajaa. Na kuna hasara kubwa kuliko maumivu ya masikio. Herufi zinazotusaidia kutofautisha maneno, kama s, t, k na f, husikika katika maelfu ya mitetemo, palepale waya za snea zinapoishi. Snea ikilia kwa mkia mrefu, maneno ya wimbo yanafunikwa. Mtu wa mixa anapandisha maikrofoni za waimbaji, spika zinaanza kupiga miluzi, na kiongozi wa sifa anaangaliwa vibaya. Mpigaji hata maikrofoni hana.

Halafu kuna Jumamosi na Jumapili. Jumamosi tunafanya mazoezi kanisa likiwa tupu, snea inatuchoma, tunabandika utepe na kukunja leso juu ya ngozi mpaka itulie. Jumapili watu wanajaa, miili na nguo zao zinanyonya milio ya juu, na ile snea iliyofungwa leso inasikika imezibwa. Mpigaji anaongeza nguvu badala ya kutoa leso. Snea ya mbao haiyumbi hivyo kati ya siku hizo mbili, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipendelea ndani, kuliko maneno mengi yanayosemwa kuhusu joto la sauti yake.

Asifikirie mtu kwamba mbao itamwokoa na majirani. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zimeweka kiwango cha mahali pa ibada kuwa desibeli 40 mchana na 35 usiku. Maongezi ya kawaida ya watu wawili hufika kama 60. Kwa kipimo hicho hata mzee wa kanisa akisoma matangazo amevunja sheria. Snea yoyote, ya mti gani sijui, iko juu sana ya hapo. Dawa yake ni fimbo nyepesi, mkono uliofunzwa na kukubaliana na jirani kuhusu saa, maana ukuta wa bati hauzuii kitu.

Nje mambo ni mengine, na snea ilianza maisha yake nje. Ngoma za bendi za kijeshi ziliigwa pwani na wachezaji wa ngoma ya beni, iliyoanza Lamu na Mombasa miaka ya 1890, na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakaieneza bara. Wapagazi haohao ndio walioacha jina lao kwenye mtaa wetu wa Kariokor. Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka 1921, linatembea na ngoma barabarani hadi leo. Barabarani hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Kuna matatu, kuna honi, kuna spika ya muuza dawa ya mende. Hapo chuma kinapenya na mbao iliyolegezwa inapotea baada ya safu chache za watu.

Nimesema iliyolegezwa kwa makusudi. Ngoma nyingi za gwaride ni za mbao, na zinasikika mwisho wa uwanja kwa sababu ngozi zake zimekazwa mno. Wapiga rumba ya Kongo nao hukaza snea mpaka ilie nyembamba na kavu, iwe ya mbao au ya chuma. Anayedhani ametofautisha mbao na chuma, mara nyingi ametofautisha ngozi mpya na ngozi iliyochoka, au ufunguo uliozungushwa na usiozungushwa. Ndiyo maana nikasema ngozi na waya kwanza. Snea ya bei nafuu ya barabara ya Luthuli ikivalishwa ngozi nzuri mbili na waya zilizonyooka inaweza kuishinda ya jina kubwa iliyopasuka ngozi ya chini.

Kuhusu kutengeneza wenyewe, nitapita haraka. Mafundi wa Kamukunji wanaokunja masanduku na sufuria wanaweza kukunja mzinga wa chuma. Ugumu uko kwenye duara kamili na kwenye ukingo, kwani ukipinda hata kidogo ngozi haikazwi sawasawa. Kwa mbao, gogo la kuchonga lisilokauka vizuri litapasuka. Afadhali kuunganisha vipande vyembamba kwa gundi na kuvilainisha kwa randa, na wachongaji wa Gikomba wanajua kuliko sisi ni mti gani umekauka. Ningependa kuona vijana wa Korogocho, ambako mradi wa Ghetto Classics umefundisha muziki tangu 2008, wakikaa na mafundi hao juu ya snea moja ya mbao. Ya chuma iagizwe tu.

Kabla ya maswali tufanye jaribio. Mezani kuna snea mbili, moja ya mbao na moja ya chuma cha pua, zote inchi 14 kwa 5.5, zimevalishwa ngozi za aina moja na kukazwa kwa mlio mmoja. Mpigaji atakaa nyuma ya pazia, na msomaji atasoma tangazo huku ngoma ikilia. Kila mmoja aandike mambo mawili: ni ipi imelia, na ni maneno mangapi ya tangazo ameyapata. Kundi la kwanza likae mbele, la pili nyuma ya ukumbi, na la tatu naomba litoke likasimame ng'ambo ya barabara.